Faili "Halipatikani": Ni Nani Aliyelitafuta?

Walimu wa Kiswahili huwafunza wanafunzi wao kwamba kitenzi "patikana" kimo katika kauli ya kutendeka, na kwamba kauli hiyo haina nafasi ya mtendaji. Mtu aweza kusema "faili limefichwa na karani" na sentensi yake ikasimama wima. Hawezi kusema "faili halipatikani na karani", kwa maana sarufi yenyewe humkatalia. Penye kauli ya kutendeka, jambo hutokea au halitokei, basi. Hakuna aliyelifanya wala aliyeshindwa kulifanya.

Hilo ni somo la darasani, na pengine lingebakia huko lau si kwamba kitenzi hiki ndicho jibu ambalo mwananchi wa Garissa, Wajir au Mandera amelizoea anapokwenda katika ofisi ya umma kuuliza habari za kumbukumbu zinazomhusu. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Fafi, alikuwa akifuatana na mamake kama mkalimani wake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mama huyo, mjane, alitaka nakala ya barua ya ugawaji wa kiwanja cha marehemu mumewe. Kijana yule, kwa kuwa ni mwanafunzi wa isimu, aliandika daftarini kila jibu walilopewa dirishani. Mara ya kwanza waliambiwa ombi "linashughulikiwa". Mara ya pili, kwamba "limepelekwa panapohusika". Mara ya tatu, kwamba faili "halipatikani". Tulizichambua sentensi hizo darasani kama tuchambuavyo matini nyingine yoyote. Hamna mtendaji hata mmoja! Ni nani aliyeingia masjala, siku gani, akafungua kabati lipi? Wanafunzi walicheka, kisha wakanyamaza, maana karibu kila mmoja wao alikuwa na jamaa aliyepata jibu la namna hiyo.

Shabaha ya makala haya ni hiyo kauli. Tumezoea kuzungumza juu ya serikali inayokataa kutoa habari. Kukataa ni jambo ambalo lina dawa: aliyekataa anajulikana, sababu yake yaweza kupimwa, na mwombaji aweza kukata rufani. Palipo na shida kubwa zaidi, hasa katika ule uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ni pale ambapo hakuna aliyekataa.

Si kwamba hatuna sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, Nambari 31 ya 2016, iliipa haki hiyo miguu ya kutembelea. Ofisi inatakiwa ijibu katika muda wa siku 21, na iwapo habari inayoombwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, katika saa 48. Muda waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Ofisi isiyokuwa na habari hiyo sharti iipeleke barua kwa ofisi iliyo nayo katika siku tano. Si kazi ya mwombaji kuzunguka. Mwombaji halipi chochote kwa kuwasilisha ombi, ila gharama halisi ya nakala, wala sababu zake za kuomba hazimpunguzii haki. Na kimya kikipita muda uliowekwa, sheria inakihesabu kuwa ni kukataa. Asiyeridhika ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman.

Ni sheria nzuri, na walioiandika wanastahili shukrani. Inakataza kuharibu au kuficha kumbukumbu kwa nia ya kumnyima mwombaji, na anayefanya hivyo ana kosa. Lakini kuficha ni kitenzi chenye mtendaji, na kumthibitisha mtendaji huyo ni kazi ngumu. Afisa anayesema "halipatikani" hajaficha wala hajakataa. Ametaja tu hali ya ulimwengu ilivyo.

Tuondoke Garissa kidogo, twende Wajir, kwa sababu huko ndiko kuliko na faili mashuhuri kuliko yote yasiyopatikana katika eneo hili. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa huko kwa siku kadhaa, uchi, juani, bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake alikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta mwezi Mei 2013, ilikadiria kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Baina ya 57 na 1,000 kuna watu, kila mmoja na jina lake, na familia ambayo hadi leo haina karatasi ya serikali inayosema mtu wao alifariki wapi na vipi.

Baada ya mauaji hayo serikali iliunda kamati ya kuchunguza yaliyotokea, na taarifa yake imejulikana kwa jina la Ripoti ya Etemesi. Tume ya Ukweli iliitafuta ripoti hiyo, wala haikuipata. Msomaji na azingatie uzito wa jambo hili. Walioitafuta hawakuwa wajane wa Wajir waliosimama dirishani na mtoto wa kuwatafsiria. Ilikuwa tume iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, yenye mamlaka ya kuwaita mashahidi na kudai nyaraka. Ikiwa tume ya namna hiyo ilitoka mikono mitupu, mama wa Fafi atarajie nini?

Swali ambalo tume au mtu yeyote angetaka kujibiwa ni rahisi. Ripoti hiyo ilipigwa chapa katika nakala ngapi? Nakala hizo zilipelekwa kwa nani? Faili lake lina nambari gani katika daftari la masjala, na mtu wa mwisho kulitia saini alikuwa nani? Serikali yetu ilirithi kutoka kwa wakoloni utaratibu wa masjala ulio makini sana, ambao kila barua inayoingia huandikwa nambari na kila faili linalotoka huandikwa jina la aliyelichukua. Faili laweza kupotea. Lakini alama za miguu yake katika daftari hazipotei kwa urahisi hivyo, na hizo ndizo zinazopaswa kuombwa pale faili lenyewe linaposemwa halipo.

Ushahidi kwamba njia hii inafanya kazi tunao, tena unatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2009 wazee wa Mau Mau walifungua kesi mjini London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata kizuizini. Kwa miaka mingi jibu kuhusu nyaraka zilizohamishwa kutoka Kenya mkesha wa uhuru lilikuwa la kukwepakwepa. Kilichobadilisha mambo ni kuwa wanahistoria, David Anderson akiwa miongoni mwao, waliweza kuieleza mahakama ni mafaili mangapi yaliyosafirishwa kutoka Nairobi mwaka 1963: takriban 1,500, katika masanduku 300. Baada ya swali kuwa mahususi namna hiyo, mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili hayo yalikuwa yamewekwa huko Hanslope Park, pamoja na mengine yaliyofanya jumla ya takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Mwezi Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. "Halipatikani" iliyodumu nusu karne iliyeyuka kwa sababu kuna mtu aliyejua idadi ya masanduku.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila faili lisiloonekana limefichwa. Ofisi za Garissa zimepitia misukosuko. Mkoa ulivunjwa, na mabaraza ya wilaya na miji yakafutwa mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Makabati yalihamishwa kutoka jengo hadi jengo, mengine yakabaki kwa serikali kuu na mengine yakaenda kaunti. Joto, vumbi na mchwa navyo havina heshima kwa nyaraka. Karani wa masjala ni mtu mnyonge katika ngazi za utumishi, na mara nyingi analaumiwa kwa yaliyotendwa kabla hajaajiriwa. Karani mwaminifu ndiye angefaidika zaidi na utaratibu ninaoupendekeza, kwa maana ungemwondolea tuhuma.

Utaratibu wenyewe sikuubuni. Afrika Kusini iliuweka katika sheria yake ya mwaka 2000 ya kuwezesha wananchi kupata habari, kifungu cha 23. Huko, ofisi inayosema kumbukumbu haipo au haionekani haiachiwi kusema hivyo kwa mdomo. Afisa lazima aandike kiapo, aeleze hatua zote zilizochukuliwa kuitafuta kumbukumbu hiyo, na mawasiliano yaliyofanywa na kila mtu aliyeshiriki katika kuitafuta. Ikionekana baadaye, mwombaji apewe. Yaani sheria imeigeuza kauli. Imemlazimisha afisa aache kutendeka arudi kwenye kutenda: mimi fulani niliingia chumba fulani, tarehe fulani, nikafungua daftari fulani, nikaona hiki na sikuona kile. Sheria yetu ya 2016 haina kifungu cha nguvu hiyo, na Bunge lingefanya vyema kukiongeza. Kwa kumbukumbu zilizo chini ya kaunti, hakuna haja ya kungojea Nairobi. Bunge la Kaunti ya Garissa laweza kutunga sheria yake kuhusu masjala zake, na gavana aweza kuanza kesho kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Kuna tatizo la pili, nalo limo katika neno moja la Katiba. Nimetaja kwamba kifungu cha 35 kinampa haki "kila raia". Basi tuliangalie neno hilo likiwa Garissa.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia 1991, Somalia iliposambaratika. Miaka hiyo, na tena katika ukame wa 2011, wafugaji wengi wa Kenya walipoteza mifugo yao, nao wakaona jirani yao kambini anapewa unga, mafuta na matibabu. Wakajiandikisha, au wakawaandikisha watoto wao, kama wakimbizi. Nani atamlaumu mzazi kwa hilo? Watoto hao walichukuliwa alama za vidole. Walipofika umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilisema ni wakimbizi. Mashirika ya haki za binadamu yamewakadiria kuwa wapatao 40,000. Bila kitambulisho, kijana hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili simu kwa jina lake wala kuajiriwa kwa njia rasmi, na kwa kijana wa Garissa safari ya basi kwenda Nairobi, yenye vizuizi vya polisi, ni hatari.

Kijana huyu anachohitaji kwanza ni kuiona kumbukumbu inayomzuia. Iliandikwa lini, kambi gani, kwa jina gani, na nani alitoa maelezo hayo? Kumbukumbu hizo zilianzia kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, kisha serikali ikauchukua usajili, na ofisi za vitambulisho nazo zina zao. Kwa hiyo kila dirisha lina dirisha jingine la kumwelekeza. Akisema ana haki ya kuiona, huulizwa ikiwa ni raia. Akisema ni raia, huulizwa kitambulisho. Na kitambulisho ndicho kilichozuiliwa na kumbukumbu anayoomba kuiona.

Hata hivyo, tusomapo kifungu hicho cha 35 kwa makini tunakuta jambo la ajabu. Ibara ya kwanza, ya kupata habari, inasema "kila raia". Ibara ya pili, ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli, inasema "kila mtu". Sijui kama walioandika walikusudia tofauti hiyo itumike hivi, lakini maana yake ni kwamba kijana wa Dadaab ana haki ya kutaka kumbukumbu yake isahihishwe hata kabla hajathibitishwa kuwa raia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imemwongezea nguvu, kwani inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake binafsi zilizohifadhiwa na wengine na kutaka zirekebishwe. Mawakili na mashirika yanayowasaidia vijana hawa wanayajua haya. Wasiwasi wangu ni kama afisa aketiye dirishani anayajua.

Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kufutwa kwa upigaji msasa wa ziada ambao kwa miongo mingi uliwakabili wakazi wa kaunti za mpakani walipoomba vitambulisho. Waliokumbuka msako wa Novemba 1989, Wasomali wa Kenya walipotakiwa wajithibitishe upya na kubeba kadi za pekee, walikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini tangazo la kuondoa kamati ya wazee haliondoi alama ya kidole iliyo katika mashine. Hiyo itaondolewa na afisa mmoja mmoja, faili moja moja, kwa maombi yaliyoandikwa na kujibiwa.

Hapo tunarudi kwenye lugha. Sheria ya 2016 inataka ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Nami, kama mtu niliyeutoa umri wangu kwa Kiswahili, nafurahi kuiona lugha yetu ikipewa nafasi hiyo. Vilevile sheria inamwagiza afisa amsaidie asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu, kwa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Lakini mjane wa Fafi si mtu asiyejua kusoma. Anasoma Kurani, na anasoma Kisomali kilichoandikwa kwa hati ya Kilatini. Hajui kuandika katika lugha mbili zilizotajwa, basi. Sheria haikumfikiria. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ilinde na kukuza lugha za wananchi wake, na sioni ni kwa nini afisa wa habari mjini Garissa asipokee maombi ya mdomo kwa Kisomali na kuyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Karibu kila ofisi ya huko ina wafanyakazi wanaoweza kufanya kazi hiyo. Kinachokosekana ni agizo la kuifanya.

Najua litakalosemwa. Eneo hilo liko mpakani, na damu imemwagika. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hakuna mwalimu wa chuo kikuu nchini anayeweza kuisahau asubuhi hiyo. Usalama wa taifa ni sababu halali ya kuzuia baadhi ya habari, na kifungu cha 6 cha Sheria kinasema hivyo wazi. Basi itumiwe sababu hiyo, iandikwe na itiwe saini, ili Tume au mahakama iipime. Siri ni jibu ambalo lina mwenyewe. Isitoshe, Sheria hiyo hiyo inachukulia kwamba habari iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 haizuiliwi tena kwa kawaida. Wagalla ilitimiza miaka 40 mwezi Februari 2024. Mateso ya Bulla Kartasi mjini Garissa, ambako nyumba zilichomwa na watu wakazuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi, ni ya Novemba 1980. (Jina la mtaa huo lakaribiana na neno letu "karatasi", nami kila nikilisikia nawaza kumbukumbu zake ziko katika kabati lipi.)

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi barua rasmi. Tunawapa mada za kubuni: andika barua kwa mwalimu mkuu, andika barua kwa meneja wa kampuni fulani. Kwa nini darasa la kidato cha tatu, huko Garissa au Kitui au Kwale, lisiandike barua rasmi ya kweli? Anwani ya mwandishi, anwani ya mwandikiwa, tarehe, kisha KUH: Ombi la Nakala ya Ripoti ya Kamati ya Etemesi ya Mwaka 1984. Katika aya ya pili wanafunzi waongeze: endapo ripoti hiyo haitaonekana, tafadhali tufahamishe ni nani aliyeitafuta, katika masjala gani, tarehe gani, na daftari linaonyesha ilionekana mara ya mwisho mikononi mwa nani. Mwalimu asahihishe sarufi, atie mhuri wa shule, abaki na nakala na aandike tarehe ya kupokewa kwake ukutani. Siku 21 zikipita kimya, darasa litakuwa na siku 30 za kuandika barua ya pili, safari hii kwa Tume ya Haki ya Utawala.